Trekta la Baba Si Chuma Chakavu

Mnunuzi wa vyuma chakavu alikuja kwetu na mzani wa kuning'iniza, kana kwamba amekuja kupima mbuzi. Alilizunguka trekta mara mbili, akapiga teke tairi la mbele, akasema atatoa milioni 1.4. Baba akamwambia asubiri kidogo aniulize mimi, kwa sababu mimi ndiye msomi wa nyumba. Nilikuwa chuoni, kwenye foleni ya kuchapisha pendekezo la utafiti wangu wa shahada ya uzamili. Simu ikaita. Nikamjibu baba bila hata kutoka kwenye foleni: "Baba, uza."

Naandika kulipinga jibu lile. Nawapinga pia wote walionifundisha kulitoa haraka namna ile, na wenzangu wengi mtakaosoma hapa ambao mngejibu hivyohivyo. Pendekezo nililokuwa nachapisha siku ile lilihusu zana za kilimo. Ukurasa wa 3 ulikuwa na maneno "mashine chakavu zinazorudisha nyuma tija ya mkulima mdogo." Niliyaandika bila kumhoji mkulima hata mmoja, na hakuna mhadhiri aliyeyawekea alama ya kuuliza.

Trekta lenyewe ni Massey Ferguson 135, la mwaka 1972. Babu alilinunua kwa mkono wa pili mwaka 1986, akauza ng'ombe 22. Liko kijijini kwetu, wilaya ya Babati, na limelima mashamba ya nusu ya kijiji. Ada yangu ya sekondari ilitoka kwenye jembe lake la diski mbili. Tarehe 21 Novemba 2024, mvua za kwanza zikiwa zimeshanyesha na foleni ya wateja ikiwa ndefu, mkanda wa feni ulikatika shambani kwa mtu. Dereva hakuangalia geji ya joto, au aliangalia akajiambia amalizie mstari. Injini ikachemka, gasketi ya silinda hedi ikaungua, maji yakaingia kwenye oili. Walipochomoa kijiti cha kupimia oili, kilitoka na kitu chenye rangi ya chai ya maziwa. Walipojaribu kuwasha tena, haikuzunguka. Injini ilikuwa imenoki.

Baba alikuwa na njia 4. Ya kwanza ni yule mtu wa mzani. Ya pili ni injini ya mtumba, ambayo dalali mmoja wa Arusha aliapa kuwa ni "hiyohiyo, plagi na pleyi." Ya tatu ni kukopa trekta jipya. Ya nne ni kuifungua injini ile na kuijenga upya. Kwa mpangilio wa usomi wangu, ya tatu ndiyo ilikuwa ya kwanza, na ya nne sikuiona kabisa kama njia. Niliiona kama ubishi wa wazee.

Basi nikapanda basi kwenda nyumbani kumshawishi baba aende benki.

Benki tulikwenda. Nilivaa vizuri, nikabeba jedwali nililotengeneza kwenye kompyuta. Afisa mikopo alitupokea kwa heshima zote. Trekta jipya la nguvu kama la kwetu lilikuwa milioni 44. Tulitakiwa kutanguliza asilimia 20, yaani milioni 8.8, na hati ya shamba ikae kwao mpaka deni liishe. Shamba ni ekari 12, ndilo pekee tulilonalo. Baba alikaa kimya, kofia magotini. Kisha akauliza swali moja: "Na mimi nikitaka milioni 4 za kutengeneza hili nililonalo?"

Afisa akatabasamu. Akasema, "Mzee, kwa matengenezo hatuna bidhaa hiyo."

Nataka msomaji usimame hapo kama nilivyosimama mimi. Taasisi ileile ilikuwa tayari kumkopesha baba yangu milioni 35 na zaidi anunue mashine asiyoijua ndani, ambayo likitokea la kutokea hawezi kuifungua, na hati ya shamba lake ikiwa kwenye kabati lao. Kwa sehemu moja ya kumi ya fedha hizo, atengeneze mashine ambayo yeye na fundi wake wanaijua kwa miaka 38, hawakuwa na hata fomu ya kujaza. Sikumlaumu yule afisa. Jedwali langu nalo halikuwa na mstari wa matengenezo. Sote wawili tulikuwa tumesoma kitabu kimoja.

Na hofu ya baba haikuwa ya kubuni. Kijiji cha pili kuna jirani yetu aliyechukua mkopo wa namna hiyo. Trekta lake lilifanya kazi vizuri misimu 2. Msimu wa 3 likasimama, taa nyekundu imewaka, na fundi wa kijiji akainua mikono kwa sababu hakukuwa na kitu cha kufungua kwa spana: hitilafu ilikuwa kwenye umeme wa ndani, na kifaa cha kuisoma kilikuwa mjini, kwa wakala. Kipuri kilichukua miezi 4. Trekta lilisimama, msimu ukapita, ila rejesho la benki halikusimama hata mwezi mmoja. Aliuza ekari 5.

Fundi wetu ana miaka 68. Ufundi aliupata kijana kwenye mashamba ya ngano ya Hanang, yale yaliyoendeshwa na NAFCO kwa msaada wa Kanada kuanzia miaka ya 1970. Mashamba yale yana historia chungu, na Wabarabaig walionyang'anywa malisho wanayo haki ya kuisimulia kuliko mimi. Lakini pembeni ya yote hayo, karakana zake zilitoa mafundi. Nilipomsalimia shikamoo, aliitikia bila kutoa kichwa chini ya boneti, akaniuliza, "Wewe ndiye unayesoma digrii ya matrekta?" Nikasema, ya uchumi wa zana za kilimo. Akasema, "Haya mwanangu, shika tochi."

Nilishika tochi wiki 5 za likizo. Nitakueleza nilichokiona, kwa sababu hoja yangu yote imejengwa juu yake.

Kitu cha kwanza ni kwamba trekta la aina hii halina fremu kama lori. Injini yenyewe ndiyo mgongo. Mbele inabeba ekseli, nyuma imefungwa kwenye nyumba ya klachi na gia. Ukitoa injini, trekta linakuwa vipande viwili vilivyosimama juu ya magogo. Hapo ndipo "plagi na pleyi" ya dalali ilipokufa. Fundi alimuuliza kwa simu swali moja tu: sampu yake ni ya bati au ya chuma cha kusubu? Dalali akasema ya bati. Fundi akakata simu. Injini ile ilikuwa ya mtambo wa kiwandani. Ni ukoo uleule wa Perkins, silinda 3, lita 2.5, lakini sampu ya bati haiwezi kubeba ekseli ya mbele. Baba alikuwa amebakiza siku moja kutuma milioni 3. Mimi na digrii yangu tusingejua kuuliza swali lile.

Kitu cha pili ni vipimo. Nilikuwa naamini mafundi wa kijijini wanafanya kazi kwa kubahatisha, "kwa macho." Huyu alitoa kwenye kitambaa maikromita, akapima kranki kila jino sehemu 2, kwa kuvuka, ili aone kama limekuwa yai. Beringi za kranki zinauzwa kwa hatua: za kumi, za ishirini, za thelathini, maana yake sehemu 10, 20 au 30 za elfu moja za inchi. Kranki ikisagwa hatua moja, unafunga beringi za hatua hiyo. Ya kwetu ilikuwa imeshasagwa kufika kumi, miaka ya nyuma. Akasema itaenda ishirini, "na mjukuu wa baba yako ataipeleka thelathini." Tukaifunga kwenye gunia, tukaipakia kwenye basi la Arusha, kilomita 170 hivi, kwa sababu Babati hatukupata mashine ya kuisaga.

Kitu cha tatu ni uvumilivu wa kupanga. Ringi za pistoni zina mianya, na mianya hiyo haipangwi mstari mmoja, la sivyo mgandamizo utapenya. Nati za silinda hedi hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa awamu, kwa spana ya kupimia nguvu. Valvu huachiwa nafasi, unaipima kwa fila geji. Nozeli hujaribiwa ili zirushe dizeli kama ukungu, zisidondoshe kama bomba bovu. Ukikosea kimoja kati ya hivi, utaifungua injini yote tena. Tuliifungua tena, kwa kweli. Gasketi ya kwanza ya hedi tuliyouziwa ilikuwa feki. Iliachia maji siku ya pili. Fundi hakutukana. Aliishika mwangani, akaniambia nipapase ukingo wake kwa kucha, kisha akanipa ile ya zamani iliyoungua nipapase pia. Tangu hapo najua kutofautisha, na sikujifunza hilo darasani.

Sasa hesabu, maana najua wachumi wenzangu mnaisubiri. Silivi, pistoni na ringi: 1,150,000. Beringi: 260,000. Seti ya gasketi: 130,000, na ile ya hedi ya mara ya pili 70,000. Kusaga kranki na kazi ya bloku: 380,000. Silinda hedi na valvu: 210,000. Pampu na nozeli: 420,000. Oili, filta, mkanda na mipira ya maji: 240,000. Usafiri: 180,000. Fundi: 600,000. Jumla ni shilingi 3,640,000. Baba aliuza ng'ombe 3 na mimi nikaongeza hela ya kompyuta niliyokuwa nimeidunduliza.

Injini iliwaka tarehe 6 Januari, saa 11 jioni, baada ya kutoa upepo kwenye pampu mara nne. Tulianza na kazi nyepesi ili injini izoee, tukamwaga oili mapema, kisha tukaingia shambani. Msimu ulikuwa umeshakwenda nusu na wateja wengine walikuwa wameshapata matrekta mengine. Tulilima ekari 12 zetu na 62 za watu. Kwa 60,000 ekari moja, ukitoa dizeli, dereva na mengineyo tunabaki na kama 28,000. Hiyo ni 1,736,000, karibu nusu ya gharama, ndani ya msimu uliovunjika. Hati ya shamba iko kwenye sanduku la mama.

Najua mtakachosema, maana mimi mwenyewe nilikisema. Mtasema napenda umaskini, kwamba nalirembesha trekta bovu kwa sababu nimelikuta kwa babu. Hapana. Trekta letu lina kasoro ambazo hakuna fundi atakayezifuta. Halina fremu ya kumlinda dereva likipinduka, na kwenye miteremko yetu hilo si jambo la mzaha. Tumeanza kuulizia kwa mchomeleaji, na hata hilo linataka hesabu ya mhandisi. Linatoa moshi. Nguvu zake kama farasi 45 hazitoshi kwa zana nyingi za leo. Spea feki zimejaa madukani. Na ziko injini zilizokwisha kabisa, bloku imepasuka, ambazo haki yake ni mzani. Sisemi ya kale ni dhahabu.

Ninachosema ni hiki: sera inayohesabu matrekta mapya yanayoshuka bandarini, bila kuhesabu mikono inayoweza kuyafungua, inahesabu mizoga ya kesho. Na sisi nchi hii tulishauona mzoga mkubwa. Mwaka 1947 Waingereza walianzisha Kongwa mradi wa karanga uliokusudia kulima ekari zaidi ya milioni 3. Walileta matrekta yaliyobaki na vita, wakageuza hata vifaru vya Sherman kuwa vya kung'olea misitu. Mashine zikafia kwenye udongo mgumu na mizizi ya mibuyu, huku madereva wakiwa wanagenzi na spea na mafundi wakiwa haba. Mwaka 1951 mradi ulivunjwa. Fedha haikuwa shida yao. Hata hivyo kila kizazi chetu kinarudia wazo lilelile kwa jina jipya. Hata baada ya kutangaza Kilimo Kwanza mwaka 2009, picha tulizozikumbuka ni za matrekta yamepangwa mstari yakiwa na maturubai.

Tazameni wenzetu ambao tunawaita wameendelea. Marekani, wakulima wenye mashamba makubwa kuliko kata zetu wamekuwa wakipigania haki ya kutengeneza matrekta yao wenyewe, kwa sababu programu na vifaa vya kusoma hitilafu viko mikononi mwa watengenezaji na mawakala. Jimbo la Colorado lilipitisha sheria ya haki hiyo mwaka 2023, ikaanza kutumika Januari 2024. Januari 2025 Tume ya Shirikisho ya Biashara iliishtaki kampuni ya Deere kwa jambo hilohilo. Wanaitafuta kwa mawakili haki ambayo fundi wetu anayo kwenye kitambaa chake, na sisi tunaipeleka kwenye mzani kwa milioni 1.4.

Basi madai yangu ni haya, na sioni kama ni makubwa. Benki zinazokopesha matrekta zikopeshe na ukarabati, kwa dhamana ya trekta lenyewe na jina la fundi anayejulikana. Halmashauri zenye matrekta mengi ziwe na mashine ya kusaga kranki mahali ambapo mtu anaweza kwenda na kurudi siku moja. SIDO ipo tangu 1973 na CAMARTEC tangu 1981, kwa hiyo hatuanzi kwenye vumbi. Anayeuza trekta jipya alazimike kuuza pia kitabu cha matengenezo na kifaa cha kusoma hitilafu zake. Na vyuo, kikiwemo changu, visimpe mtu shahada ya zana za kilimo kama hajawahi kupaka mikono oili chafu. Wiki 5 zinatosha kwa kuanzia, mimi ni shahidi.

La mwisho hili ndilo linaloniuma, kwa sababu lina saa inayokwenda. Mikono ya fundi imeanza kutetemeka. Siku ya kufunga ringi alinipa mimi nizibane, akasema macho yanamsumbua, lakini niliona si macho. Hana mwanafunzi. Mwanawe anaendesha bodaboda mjini na simlaumu. Tangu lini tumemwambia kijana yeyote kwamba kufungua injini ni kazi ya mtu mwenye akili? Tumewaambia wakifeli ndipo waende ufundi. Tumelisema hilo kwenye mahafali, kwenye meza za chakula, na mimi nimeliandika kwa lugha nzuri zaidi kwenye ukurasa wa 3.

Ukurasa ule nimeufuta. Pendekezo jipya linauliza ni nani anayetengeneza matrekta ya Babati, alijifunzia wapi, na atamwachia nani. Siku ya kuondoka nilikwenda kumuaga fundi. Akaniletea daftari la shule lenye jalada la bluu lililoliwa na mchwa pembeni. Humo ameandika tangu miaka ya NAFCO: vipimo vya kila injini aliyoifungua, nafasi za valvu, nguvu za kukazia nati, makosa aliyoyafanya na tarehe zake. Ni kurasa 41. Alikataa nisiondoke nalo, nikazipiga picha zote kwa simu, moja baada ya nyingine, huku yeye akinishikia tochi.

Msimamizi wangu ameniuliza nitalinukuu vipi daftari lisilo na mchapishaji. Bado tunabishana.